Saa Nyingi Ziko Nyumbani: Niliyojifunza kwa Kufundisha Tiba Shufaa

Mgonjwa mwenye maradhi yasiyopona huonana na daktari kwa dakika chache tu katika wiki, hukaa na muuguzi kwa muda mrefu kidogo kuliko huo, na saa zote zinazobaki huwa na watu wake au huwa peke yake. Mwanasosholojia Allan Kellehear, mmoja wa watu walioanza kutetea kwamba kufa na kufiwa ni mambo ya afya ya jamii nzima, ameeleza kuwa takriban asilimia 95 ya muda wa mtu aliye katika safari hiyo hupita mbali na wataalamu. Nimefanya kazi ya uuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa wa namna hiyo na ya watu wao, kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika kuwafundisha wengine, na hakuna hoja iliyobadilisha namna ninavyopanga mafunzo kuliko hiyo. Ikiwa saa nyingi za mgonjwa ziko mikononi mwa mke, mume, mtoto, jirani na rafiki, kwa nini karibu fedha zote, vitabu vyote na walimu wote wa huduma hii wamewekwa upande wa yule mwenye dakika chache?

Mafunzo niliyopewa mimi yalikuwa mazuri, na bado naheshimu walionifundisha. Tulisoma jinsi Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari, alivyofungua hospisi, yaani nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, na jinsi alivyosisitiza kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa hayako katika mwili peke yake, bali yamo pia katika hofu yake, katika deni analoliacha, katika ugomvi ambao haujasuluhishwa na katika maswali yake juu ya Mungu. Tulisoma ngazi tatu za kutuliza maumivu ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitoa mwaka 1986: dawa za kawaida kwa maumivu madogo, dawa hafifu za jamii ya afyuni kwa maumivu ya wastani, na mofini kwa maumivu makali, dawa itolewe kwa mdomo kila inapowezekana, itolewe kwa saa bila kungoja maumivu yarudi, na kipimo kifuate hali ya mgonjwa mwenyewe. Nilipoanza kufundisha, niliyafundisha hayohayo. Washiriki walifanya mtihani kabla na baada ya kozi, alama zikapanda, vyeti vikatolewa.

Miezi michache baadaye tulikuwa tukiwatembelea wahitimu katika vituo vyao, na hapo ndipo elimu yangu mwenyewe ilipoanza upya. Niliyafungua mafaili ya wagonjwa nikitafuta mahali palipoandikwa kiwango cha maumivu, nikakuta sentensi ileile ya kila siku, kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Muuguzi mmoja, ambaye darasani alikuwa miongoni mwa walioelewa haraka zaidi, alinipeleka mbele ya kabati la dawa zinazodhibitiwa akanionyesha kufuli zake mbili. Akaniambia, "Mwalimu, dozi naijua. Lakini ufunguo wa pili anao mfamasia, na mfamasia anaondoka saa kumi jioni. Maumivu ya huyu baba yanaanza saa mbili usiku." Hakuna swali la mtihani ambalo lingeweza kuligundua tatizo hilo, na hakuna saa za ziada za darasani ambazo zingelitatua.

Wanaoitazama huduma hii kwa jicho la afya ya jamii walikwishaliona jambo hili. Mwaka 2007 Jan Stjernswärd, Kathleen Foley na Frank Ferris waliandika mfumo ambao Shirika la Afya Duniani limeutumia kuzishauri nchi, wakasema kwamba elimu ni nguzo moja kati ya nne, pamoja na sera, upatikanaji wa dawa na utekelezaji. Kuliona jambo hilo likiwa limeandikwa ni tofauti na kulikuta kwenye kabati. Kumfundisha mtu kutoa mofini mahali ambapo mofini haifiki ni sawa na kumfundisha kuogelea kwenye mchanga mkavu: atajifunza mikono inavyokwenda, lakini siku ya maji hatakuwa na faida nayo. Tangu wakati huo, kabla ya kukubali kufundisha kituo chochote huwa nauliza maswali kadhaa ambayo mwanzoni yaliwaudhi baadhi ya waandaaji. Dawa ipo, na mara ya mwisho iliisha lini? Nani anaruhusiwa kuiandika, na nani anashika ufunguo usiku? Je, mfamasia, mtunza stoo na mkuu wa kituo watakaa darasani pamoja na wauguzi, angalau kwa siku ya kwanza? Penye jibu la hapana, naona ni heri fedha za kozi zitumike kwanza katika kulitatua hilo.

Mfano ninaoutumia mara nyingi ni wa Uganda, kwa sababu huko mafunzo na sheria vilifungwa pamoja. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alianza na mofini ya maji iliyochanganywa kutokana na unga, dawa ya gharama ndogo ambayo mgonjwa anaweza kuinywa akiwa nyumbani. Lakini madaktari walikuwa wachache, na dawa isiyo na wa kuiandika ni chupa tu. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waruhusiwe kuiandika. Kwa hiyo mtu aliyemaliza kozi hiyo alirudi kazini akiwa na ujuzi pamoja na mamlaka ya kuutumia. Nimewaona wahitimu wengi wa kozi nyingine wakirudi na ujuzi bila mamlaka, na najua jinsi hali hiyo inavyomvunja mtu moyo, kwa sababu sasa anayatambua mateso ambayo zamani aliyapita, naye hawezi kuyagusa.

Hofu ya mofini yenyewe ni somo linalohitaji kufundishwa, na si kwa wauguzi tu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 unaosimamia dawa hizi unasema mambo mawili: kwamba matumizi mabaya yake ni hatari inayopaswa kuzuiwa, na kwamba matumizi yake ya kitabibu hayaepukiki katika kutuliza maumivu, hivyo nchi zihakikishe zinapatikana. Maofisa wengi niliokutana nao walilijua jambo la kwanza kwa moyo, na la pili hawakuwahi kulisikia. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyotoa ripoti yake mwaka 2017 ilikadiria kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zinazosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kulinganishwa na mofini, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Nikiiweka takwimu hiyo mbele ya wasimamizi wa dawa, mazungumzo hubadilika. Wanaanza kuuliza namna ya kuidhibiti dawa bila kumnyima mgonjwa, na hilo ni swali lenye majibu.

Zipo hesabu nyingine zinazoonyesha kwa nini wataalamu peke yao hawawezi kuubeba mzigo huu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, na kati yao milioni 25.7 wako katika mwaka wao wa mwisho wa maisha, ilhali wanaoipata ni takriban asilimia 14 ya wanaoihitaji. Hata tungelifundisha mabingwa kwa miaka ishirini mfululizo bila kupumzika, pengo hilo lisingezibika. Azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 2014 lilizitaka nchi zipange mafunzo kwa viwango: ya msingi kwa kila mwanafunzi wa udaktari na uuguzi, ya kati kwa wanaokutana mara kwa mara na wagonjwa wa maradhi yanayotishia uhai, na ya juu kwa wachache watakaoshughulikia hali ngumu. Mpangilio huo naukubali kabisa. Hata hivyo, ngazi ambayo mimi naiona kuwa ya kwanza ni ya chini zaidi ya hiyo, nayo ni ya raia wa kawaida. Georg Bollig, daktari wa Ujerumani, alibuni kozi fupi inayoweza kumalizika kwa siku moja, yenye sehemu nne za dakika 45 kila moja, ambayo humfundisha mtu yeyote namna ya kukaa na anayekufa, kama vile watu wanavyofundishwa huduma ya kwanza ya ajali. Wengi wetu hatutawahi kuokota majeruhi barabarani, lakini ni nadra mtu kuumaliza umri wake bila kukaa kando ya kitanda cha mtu anayekufa.

Darasa la wanaouguza nyumbani ndilo linalonipa kazi kubwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda zaidi. Hatutumii maandishi mengi ukutani. Kitanda huwekwa katikati, mshiriki mmoja hulala kama mgonjwa, na wengine hujifunza kwa mikono yao. Tunaanza na kinywa, kwa sababu ni jambo dogo linaloleta nafuu kubwa na ambalo halihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mgonjwa asiyeweza tena kunywa hukauka midomo na ulimi, na watu hudhani ana kiu ambayo lazima itibiwe kwa kumimina maji kinywani, jambo linaloweza kumpalia. Tunawaonyesha kukichovya kitambaa laini kwenye maji safi, kukikamua, kukipitisha taratibu ndani ya mashavu na juu ya ulimi, kisha kupaka midomo mafuta, na kurudia hivyo mara kwa mara mchana na usiku. Kazi hiyo hata mtoto mkubwa anaweza kuifanya, na kwa familia inayojiona haina la kufanya tena, kuwa na jambo la kufanya ni sehemu ya tiba.

Kisha tunamgeuza mgonjwa. Vidonda vya kulalia huanza kwa wekundu au weusi kidogo kwenye nyonga, kisigino au chini ya mgongo, na mwenye jicho lililofundishwa huuona mapema, kabla ngozi haijafunguka. Katika darasa moja nilikuwa nikieleza namna ya kumgeuza mtu mzito, nikiwataka watu wawili wasaidiane, na mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe akaniomba ruhusa anionyeshe afanyavyo yeye, kwani kwake hakuna mtu wa pili. Alikunja shuka mara mbili kwa upana, akalipitisha chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, akasimama upande ule anaotaka mgonjwa aelekee, akapiga goti moja kitandani, akalivuta shuka kwa uzito wa mwili wake badala ya nguvu za mgongo, huku akimwambia mgonjwa wa kuigiza kila hatua kabla ya kuifanya. Alipomaliza akaingiza mto nyuma ya mgongo na mwingine katikati ya magoti. Nimefundisha hivyo tangu siku hiyo. Na alipokuwa akirudi kwenye kiti chake akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa mwalimu, usiku nikikwama, nimpigie nani?"

Darasa zima lilinyamaza kungoja jibu langu, na jibu halikuwepo kwa sababu huduma yenyewe haikuwa nalo. Swali hilo ndilo lililoupanga upya mtaala wetu kuliko ripoti yoyote ya mtathmini. Tuliacha kuuliza tu familia inahitaji kujua nini, tukaanza kuuliza inahitaji nini ili kile inachokijua kifanye kazi saa nane za usiku. Leo hakuna mwanafamilia anayeondoka darasani bila karatasi moja yenye jina la dawa, saa za kuinywa, dalili zinazotarajiwa, dalili za kupiga simu, na namba ya simu inayopokelewa na mtu aliyefundishwa.

Kuhusu dawa tunasema mambo machache na tunayarudia hadi washiriki wanaweza kutuambia wao. Mofini ya maji ya kawaida hudumu takriban saa nne, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, na kuichelewesha ili kuibania kwa ajili ya maumivu makubwa zaidi kunamtesa mgonjwa bila faida. Hufungisha choo karibu kwa kila anayeinywa, hivyo dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile. Usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Lakini mgonjwa aliyekuwa macho akawa haamshiki na akipumua polepole mno, hapo simu ipigwe. Tunawafundisha pia kuuliza maumivu kwa vidole vya mkono mmoja, ngumi ikiwa ni hapana maumivu na vidole vitano vikiwa ni maumivu yasiyovumilika, kwa sababu njia hiyo inamfaa asiyejua kusoma, na inamfaa aliyechoka kusema.

Sehemu ngumu ni kueleza kifo chenyewe kinavyokuja. Mara nyingi nimewauliza washiriki waliofiwa nini kiliwatisha, na majibu hufanana: mgonjwa aliacha kula, mikono na miguu ikawa baridi na kubadilika rangi, pumzi ikakatika kwa muda na kurudi, koo likakoroma. Walidhani kila moja ya dalili hizo ilikuwa dharura waliyoshindwa kuitibu, na wengine wameubeba wasiwasi huo kwa miaka. Tunawaeleza kwamba mwili unaoelekea kufa hauhitaji chakula kama zamani, na kwamba mtu hafi kwa sababu ameacha kula, bali ameacha kula kwa sababu anakufa. Tunawaeleza kuwa mkoromo wa koo hutokana na mate na makohozi ambayo mgonjwa hana nguvu ya kuyameza, kwamba aghalabu humsumbua anayesikiliza kuliko anayekoroma, na kwamba kumlaza ubavu husaidia. Nimeona nyuso za watu zikibadilika wakati wa maelezo hayo. Baadhi hutoka nje kidogo kisha hurudi, na huwa nawaachia nafasi hiyo bila kuwauliza.

Wataalamu nao wana somo lao gumu, nalo ni kuzungumza. Kuna utaratibu unaojulikana wa hatua 6 uliochapishwa mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wa saratani, unaoanza na kuandaa mahali pa faragha, kisha kumuuliza mgonjwa anajua nini na angependa kujua kiasi gani, kabla ya kumpa habari na kuipokea hisia yake. Utaratibu huo hufundishika kwa dakika chache. Kinachochukua muda ni kumzoeza daktari kunyamaza baada ya kusema neno zito. Katika maigizo ya darasani, daktari kijana aliyemwambia mgonjwa kwamba saratani imeenea aliendelea papo hapo na majina ya dawa, tarehe za kliniki na vipimo vya damu, na mgonjwa wa kuigiza, ambaye alikuwa muuguzi mzoefu, akamwambia baadaye: "Daktari, nilisikia neno moja tu, mengine yote yalinipita." Tulimwomba arudie, na safari hii asiseme chochote mpaka mgonjwa aseme. Ule ukimya haukuzidi nusu dakika, lakini mgonjwa aliutumia kuuliza kuhusu watoto wake, na mazungumzo yakaelekea mahali yalipopaswa kwenda. Naamini ustadi huo haupatikani kwa kusikiliza mihadhara. Unahitaji kufanywa mbele ya wenzako, kukosolewa kwa heshima na kufanywa tena.

Kwa upande wa jamii, nimejifunza mengi kutokana na kazi iliyofanyika katika jimbo la Kerala nchini India. Baada ya kliniki ya maumivu kuanza mjini Calicut mwaka 1993, Suresh Kumar na wenzake waligundua kuwa wagonjwa wengi hawawezi kuifikia, na kwamba waliofikiwa walikuwa na shida ambazo kliniki haiwezi kuzitibu, kama vile nyumba bila kipato na watoto walioacha shule. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 wakajenga mtandao wa ujirani, ambamo watu wa kawaida waliojitolea hupata mafunzo ya muda maalumu, huwatambua wagonjwa wa mtaa wao, huwatembelea, huchangisha michango midogomidogo, na kuwaita wauguzi na madaktari penye haja. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ilipitisha sera ya tiba shufaa iliyoingiza huduma hiyo katika afya ya msingi. Kinachonivutia zaidi ni kwamba wajitoleaji hao walishiriki katika maamuzi ya huduma, na hawakufanywa wasaidizi wa kubeba mikoba ya wauguzi. Tulipojaribu kuwaunganisha wajitoleaji wetu kwa kuwapa majukumu yaliyokwisha kupangwa na sisi, walihudhuria kwa muda kisha wakapungua. Tulipowaachia wapange wao nani atembelewe na kwa jambo gani, waliendelea, na wakatuletea wagonjwa ambao hatukuwa na habari zao.

Hata hivyo nina onyo, na nalitoa kwa uzito. Hoja ya kwamba huduma ya siku za mwisho ni ya jamii nzima imeanza kupendwa na watu wasioitakia mema, kwa kuwa wanaiona kuwa njia ya kupunguza gharama: wagonjwa warudishwe nyumbani, na nyumbani ndiko watakakohudumiwa. Mwenye kubaki nyumbani kwa kawaida ni mwanamke, naye huacha kazi, hukosa usingizi, huumwa mgongo, na baada ya msiba huachwa na madeni. Mafunzo yanayomwongezea mtu huyo majukumu bila kumwongezea msaada ni dhuluma, hata yakitolewa kwa lugha nzuri. Ndiyo maana katika kila mpango tunaoupitisha tunadai orodha ya watu wa kupokezana zamu iandikwe pamoja na orodha ya dawa, na tunawafundisha majirani kuuliza swali lenye kazi ndani yake: nikae naye Jumanne mchana ili ulale? Ahadi ya "ukihitaji chochote nambie" humwachia aliyechoka kazi nyingine ya kuomba.

Msiba nao umeingia katika mafunzo yetu, ingawa kwa miaka mingi ulikuwa ukiachwa kwa washauri nasaha. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa walio wengi kati ya waliofiwa, karibu 6 katika kila 10, hupata wanachohitaji kutoka kwa familia na marafiki, karibu theluthi moja wangefaidika na msaada zaidi ambao wajitoleaji waliofundishwa wanaweza kuutoa, na wanaohitaji mtaalamu ni sehemu ndogo. Kwa hiyo tunawaalika walimu wa shule, viongozi wa dini na wasimamizi wa kazi, tukizungumza nao kuhusu mambo ya kila siku: mwalimu afanye nini siku mtoto anaporudi darasani baada ya kumzika mzazi, msimamizi aseme nini kwa mfanyakazi ambaye miezi mitatu baadaye bado anasahausahau. Walimu ndio wanaouliza zaidi, na mara nyingi wanachotaka ni kuhakikishiwa kwamba kumtaja marehemu kwa jina mbele ya mtoto hakumwongezei uchungu.

Namna tunavyopima mafunzo imebadilika pamoja na hayo yote. Alama za mtihani bado tunazitunza, kwa sababu wafadhili wanazitaka, lakini tunachokitazama sisi ni kingine. Tunahesabu mafaili yenye kiwango cha maumivu kilichoandikwa na hatua iliyofuata. Tunatazama kiasi cha mofini kilichotoka stoo na siku ambazo stoo ilikuwa tupu. Tunaziuliza familia, wiki kadhaa baada ya msiba, kama walijua la kutarajia na kama walipata mtu usiku. Na mwalimu hurudi kituoni, hukaa zamu nzima pamoja na mhitimu, kwani makosa mengi ya dozi na mazungumzo mengi mazuri huonekana hapo.

Kwa sasa simu ya usiku inapokelewa na wauguzi wanaopokezana juu ya kazi zao za mchana, na hilo haliwezi kudumu. Tumeomba nafasi za kudumu za zamu ya usiku, na ombi letu liko mezani kwa wanaopanga ajira likiwa limeambatana na daftari la simu zote zilizopigwa, saa zake na sababu zake. Sababu inayoongoza ni maumivu yaliyozuka ghafla, na inayofuata ni mtu aliye kando ya kitanda kutaka kuhakikishiwa kwamba anachokiona ni kile alichofundishwa kukitarajia.